Siku niliyomkatiza Bibi: kusoma Neno kwa moyo wako na kwa elimu ya waliotangulia

Ukikaa Moshi unajua mlima una saa zake. Alfajiri Kibo, kilele cha Kilimanjaro, inatoka nyeupe kabisa, na ikifika saa tatu asubuhi mawingu yameshaifunika. Mgeni aliyechelewa kuamka anabaki kuonyeshwa kwa kidole tu. Mimi naamka saa kumi na moja na nusu. Nafungua mlango wa jikoni unaotazama kaskazini, nabandika chai, na wakati nasubiri ichemke nasoma Zaburi moja hapo hapo mlangoni. Nimefanya hivyo miaka zaidi ya ishirini, tangu nilipoolewa nikahamia huku Rau.

Jumapili iliyopita binti mmoja wa kwaya ya vijana alinivuta pembeni baada ya ibada. Alinisalimia vizuri, akasita, kisha akauliza: "Mama, wewe ulisoma ile kozi ya Biblia. Nikisoma Neno nijisomee mwenyewe Roho aniongoze, au kwanza nitafute wasomi wamesema nini? Maana nikisoma vitabu vyao naona moyo unapoa, na nisipovisoma naogopa napotea." Nilimjibu kwa ufupi kwa sababu watu walikuwa wanatoka na mnada wa mavuno ulikuwa unaanza. Lakini swali lake nililibeba hadi nyumbani, kwa kuwa pande zote mbili anazoziogopa nimeshaziishi, na kila upande ulimuumiza mtu mwingine, si mimi peke yangu.

Nianze na upande wa moyo.

Mwaka 2014 nilikuwa na vyerehani vinne na mashine moja ya ovaloki, nashona sare za shule. Mwezi wa kumi na moja nikaahidiwa kazi kubwa ya sare za Januari, na ili niiweze nilihitaji mkopo wa shilingi milioni 6. Mume wangu alisema tusubiri tuone karatasi ya kazi kwanza. Mimi nikafunga siku tatu, na siku ya tatu nikafanya jambo ambalo wengi wetu tunalifanya: nikafumba macho, nikafungua Biblia, nikaweka kidole. Kidole kiliangukia Yeremia 29:11. "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema Bwana, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho." Nililia kwa furaha. Nikamwambia mume wangu, Mungu amesema nami. Na mtu akishasema Mungu amesema naye, nani ndani ya nyumba atabisha? Shemeji yangu akakubali kunidhamini, akaweka pikipiki yake ya bodaboda.

Kazi ile haikuja. Alipewa fundi mwingine, na mimi nikabaki na robota za kitambaa cha rangi ambayo hakuna shule nyingine iliyokuwa inaitumia. Kufika Septemba ovaloki ilikuwa imekwenda, vyerehani viwili vimekwenda, na pikipiki ya shemeji imekwenda. Ile pikipiki ndiyo ilikuwa inalisha watoto wake watatu. Hakunilaumu hata siku moja, na hilo liliniuma kuliko kama angenitukana.

Miaka miwili baadaye nilikaa nikaisoma sura nzima ya Yeremia 29, tangu mstari wa kwanza. Ni barua! Yeremia anawaandikia watu waliohamishwa kwa nguvu kutoka Yerusalemu kupelekwa Babeli, wakati mfalme Nebukadreza alipomchukua mfalme Yekonia na mafundi na wahunzi wa mji, mwaka 597 kabla ya Kristo. Walikuwapo manabii waliokuwa wanawaambia mambo yatageuka upesi. Katika sura ya 28, Hanania anatangaza kwamba ndani ya miaka miwili kila kitu kitarudi. Yeremia anasema hapana: jengeni nyumba huko huko, pandeni bustani, oeni, zaeni, uombeeni amani mji wa adui zenu, kwa sababu mtakaa miaka 70. Mstari wa 10 unasema 70, na mstari wangu wa 11 unafuata hapo hapo. Yaani neno nililolichukua kama kibali cha kukopa haraka liliandikwa kuwatuliza watu wasiamini habari za haraka. Wengi walioisikia barua ile ikisomwa walijua watafia Babeli na ni wajukuu wao watakaorudi.

Na Kiswahili chetu kilikuwa kimenionya waziwazi, ila sikusikiliza. Mstari unasema "ninayowawazia ninyi". Haukusema "ninayokuwazia wewe". Ni ninyi, taifa zima lililo uhamishoni. Mimi nikaingiza jina langu na ovaloki yangu. Sisi tunaosoma kwa Kiswahili tuna bahati, kitenzi chenyewe kinatuambia kama anasemeshwa mmoja au wengi. Tukitulia nusu dakika tu juu ya viambishi vyetu tutajiepusha na mengi.

Sisemi mstari ule si wa kwangu. Naupenda leo kuliko siku ile. Lakini sasa nikiusoma naona watu wanaochimba mashimo ya kupanda miti ambayo matunda yake hawatayala, na tumaini lao ni la namna hiyo. Linanitosha katika siku ambazo mkopo haulipiki. Lile la kwanza lilinitosha hadi Septemba tu.

Basi ushauri wa kwanza ninaompa yule binti, na yeyote: kabla hujasema "Mungu ameniambia", soma sura iliyotangulia na sura inayofuata, kisha uliza maneno haya aliambiwa nani na alikuwa katika hali gani. Huhitaji chuo kwa hilo, unahitaji robo saa na Biblia yenyewe. Jirani yangu wa kibandani, fundi mwenzangu, ni Mwislamu, na tulipoongea habari hii aliniambia kwao madrasa walifundishwa mapema kwamba mtu asikimbilie kuitumia aya kabla hajajua sababu ya kushuka kwake. Nilimwonea wivu kidogo. Mimi nilipata kipaimara nikiwa na miaka kumi na minne, nikiwa nimekariri mistari mingi, na simkumbuki mtu aliyenifundisha kuuliza hivyo.

Jambo jingine la upande huu nalisema kwa ukali kidogo, mnisamehe. Kama tafsiri yako itamgharimu mtu mwingine fedha, ndoa au afya, usiishikilie peke yako. Ipeleke kwa mchungaji, kwa mzee wa kanisa, kwa mtu mmoja aliyesoma na mmoja anayekujua tabia. Nimemwona jirani akiacha dawa za presha kwa sababu ya mstari mmoja aliousikia kwenye simu. Tulimzika kabla ya Pasaka. Roho anayeongoza haogopi kuulizwa.

Sasa upande wa pili, ambao kwangu ulikuja baadaye na ulinikaa vibaya zaidi, kwa kuwa ulikuja umevaa nguo nzuri.

Baada ya hasara ile nilijiandikisha kozi ya Biblia ya jioni, miezi kumi na minane, Jumatatu na Alhamisi. Mwalimu wetu alikuwa mchungaji mstaafu aliyeandika herufi za Kiebrania ubaoni kutoka kulia kwenda kushoto, taratibu, kama mtu anayepanga mayai. Nilipenda kila dakika. Nilijifunza kutumia itifaki, ile orodha ya maneno ya Biblia na mahali yanapopatikana, kutafuta neno, kulinganisha tafsiri mbili za Kiswahili, na kujua kwamba zaburi si zote ni za Daudi. Nilijifunza kwamba Zaburi za 120 hadi 134, zote kumi na tano, zina kichwa kimoja, "Wimbo wa kupanda mlima", na wataalamu wengi wanaona ziliimbwa na mahujaji waliokuwa wanapanda kwenda Yerusalemu kwa sikukuu. Wimbo wa kupanda mlima! Mtu wa Moshi asipotikiswa na kichwa hicho atatikiswa na nini?

Lakini polepole asubuhi zangu zilibadilika. Nilikuwa naamka saa ile ile, nabandika chai ile ile, ila sikufungua tena mlango wa jikoni. Niliwasha taa, nikakaa mezani na fafanusi mbili, vile vitabu vya kueleza Biblia, na kalamu nyekundu. Sala ilikuwa fupi, halafu ikawa fupi zaidi. Nikisoma mstari, kabla haujanigusa nilikuwa nimeshajua nani alisema nini juu yake. Kama ni kweli niseme kweli: nilifurahi kujua, na nilianza kuwapima wenzangu kwa wasichokijua.

Jumuiya yetu hukutana Jumatano jioni, nyumba kwa nyumba. Jumatano ile tulikuwa nyumbani kwa mama mmoja mzee ambaye mtaa mzima tunamwita Bibi. Miwani yake ina mkono mmoja uliofungwa kwa uzi mweusi, na Biblia yake ameishonea gamba la kitenge. Zamu ya kusoma ilikuwa yake, akasoma Zaburi 121. "Nitayainua macho yangu niitazame milima, msaada wangu utatoka wapi?" Akamaliza mistari yote minane, akavua miwani, akaanza kushuhudia: "Mimi kila asubuhi nafungua mlango wa uani nautazama mlima ule. Naanza kwa kuutazama, halafu..."

Nikamkatiza. Nilisema kwa sauti ya upole, na upole ule ndio unaonisumbua mpaka leo. Nikasema, "Bibi, samahani, ni vizuri tuelewe kwamba kwa Kiebrania ule mstari ni swali. Mwandishi hasemi msaada unatoka milimani. Milima ilikuwa mahali pa hatari, wanyang'anyi walijificha huko, na juu yake ndiko walikojenga madhabahu za sanamu. Kwa hiyo tusiutazame mlima kana kwamba una msaada." Nikaendelea dakika kumi. Nikataja neno lenyewe, me-ayin, kutoka wapi. Mwinjilisti akatikisa kichwa kwa heshima. Bibi akasema, "Asante mwanangu, sisi hatukusoma." Akafunga Biblia, akainuka kwenda kuleta chai.

Kwa wiki saba baada ya hapo hakushuhudia tena. Alikuja, aliimba, alitoa sadaka, na zamu yake ya kusoma ikifika alisema miwani inamsumbua.

Nilimsimulia mwalimu wangu jambo hili, nadhani kwa kutaka anipongeze kwa kukumbuka Kiebrania. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama najua Martin Luther mwenyewe aliutafsirije mstari ule. Sikujua. Akaniambia kwamba katika Biblia ya Kijerumani ya Luther, ambayo ilitoka kamili mwaka 1534, hakuna swali pale: imeandikwa kwamba ninainua macho yangu kuitazama milima ambayo msaada unanijia kutoka kwake. Na wamisionari wa Leipzig, Ujerumani, waliofika Machame mwaka 1893 walilelewa na Biblia hiyo ya Luther. Tafsiri za siku hizi, hata zile za Kijerumani zilizosahihishwa, zimeweka swali, na yeye mwalimu aliona swali ndilo sahihi. Lakini kuhusu milima yenyewe wasomi hawajakubaliana. Wako wanaoona hatari za njiani, wako wanaoona madhabahu za miungu, na wako wanaoona vilima vya Yerusalemu, mahali ambapo msafiri anatamani kufika. "Wewe ulichukua moja," akasema, "ukampelekea mama wa watu kama hukumu ya mahakama."

Halafu akanisimulia habari ambayo watoto wote wa Kilimanjaro tunaisikia nusu shuleni. Tarehe 11 Mei 1848, Johannes Rebmann, mmisionari, alikuwa njiani kutoka pwani kupitia Taita alipoona weupe juu ya mlima mkubwa. Kiongozi wake wa safari aliuita weupe ule kwa neno moja tu: baridi. Rebmann alikuwa amezaliwa Ujerumani, theluji aliijua tangu utotoni, akatambua mara moja. Habari zilipochapishwa Uingereza mwaka uliofuata, msomi mmoja wa jiografia, William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kufika Afrika Mashariki lakini alikuwa amesoma karibu kila kilichoandikwa juu yake, alikataa. Theluji karibu na ikweta? Haiwezekani, macho yamemdanganya. Mwaka 1852 alitoa kitabu na bado alikuwa anakataa. Mwaka 1862 msafiri Mjerumani, Karl Klaus von der Decken, alipanda zaidi ya mita 4,000 na theluji ikathibitishwa.

Mwalimu hakunieleza maana yake, alijipangusa chaki na akaenda kusubiri daladala. Nimeitafuna habari ile mwenyewe. Kiongozi wa safari alijua jambo la kweli kabisa juu ya mlima: una baridi. Pengine yeye au baba zake walikuwa wameigusa. Rebmann alijua jina la kile kitu, na alikijua kwa sababu ya alikotoka na alichojifunza. Wale wawili wakiwa njia moja, wanatazama upande mmoja, ukweli ulipatikana. Cooley alikuwa na vitabu vingi kuwashinda wote wawili, akakosea, kwa kuwa alimsahihisha mtu aliyekuwa anatazama wakati yeye hatazami. Mimi nilikuwa nimefunga mlango wangu wa jikoni miezi mingi, nikamsahihisha mama anayefungua wake kila asubuhi.

Siku ya Jumamosi nilichukua sukari kilo mbili na majani ya chai nikaenda kwa Bibi. Nilimkuta uani anachambua maharage kwenye ungo. Nilimsalimia, nikaketi kwenye kigoda, nikaanza kuchambua naye. Kisha nikamwomba radhi. Nikamwambia, siku ile nilikukatiza, Bibi, na sikusikia ulichotaka kusema.

Hakusema haraka. Alipepeta kwanza. Akaniambia, "Mwanangu, mimi siuombi mlima. Ruwa, Mungu kwa Kichagga chetu, ndiye niliyefundishwa na mama yangu kabla sijabatizwa, na Ruwa ndiye niliyemkuta kanisani. Mlima nautazama kwa sababu mwanangu alibaki huko."

Mimi nimekaa mtaa ule miaka yote na sikulijua hilo. Kijana wake wa mwisho alikuwa mgumu, ndivyo wanavyojiita wapagazi wa mlimani. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Alipanda kwa njia ya Machame na kundi la watalii, na usiku wa nne mlima ukamkataa: kichwa, kukohoa, pumzi. Walimteremsha kwa ile machela ya gurudumu moja lakini hawakufika naye. Bibi akasema asubuhi aliyoondoka alimwombea kwa Zaburi hiyo hiyo, mstari wa tatu. "Asiuache mguu wako usogezwe, asisinzie akulindaye." Akaweka ungo chini. "Sasa kila asubuhi nautazama, halafu namuuliza, msaada wangu utatoka wapi? Nauliza kweli. Ndicho nilichokuwa nataka kuwaambia."

Yaani alikuwa anausoma kama swali. Kiebrania chote nilichokuwa nacho kilikuwa kinajaribu kusema kile ambacho yeye alikuwa anakiishi, na nikamnyamazisha kabla hajafika kwenye alama ya kuuliza.

Hapo mtu anaweza kusema basi, elimu haina kazi, tuache vitabu tutazame mlima. Sikubaliani, na sababu ni kilichotokea dakika kumi baadaye. Bibi aliniuliza, "Wewe uliyesoma, ni dhambi kuuliza hivyo kila siku na usipate jibu?" Kama ningekuwa na moyo wangu tu ningemkumbatia na kumwambia Mungu ana makusudi, kama alivyoambiwa na waombolezaji mia msibani. Lakini kozi ilikuwa imenifundisha jambo. Nilimwambia zaburi za maombolezo ni nyingi sana kitabuni humo, na karibu zote zikianza na kilio humalizia na tumaini, isipokuwa moja inayokataa kugeuka. Nikamfungulia Zaburi 88, nikamsomea mistari yote kumi na minane. Inaanza kwa kumlilia Mungu mchana na usiku, na neno la mwisho kabisa ni "gizani". Hakuna mstari wa kufariji baada yake. Waliokusanya kitabu kile waliijua ilivyo, wakaiacha ikae pamoja na nyingine, iimbwe hekaluni.

Bibi akasema, "Hii imo kwenye Biblia yangu?" Akaenda kuileta, ile ya gamba la kitenge, tukaitafuta, na imo. Akaniambia niisome tena. Nikaisoma tena. Miaka sitini na kitu ya kanisa, hakuna aliyewahi kumsomea.

Kwa hiyo binti yangu wa kwaya, hivi ndivyo ninavyofanya sasa, na nakushirikisha kama mtu anayekuonyesha jikoni kwake. Nina daftari la kawaida la kurasa 96. Asubuhi nafungua mlango kwanza. Nasoma mstari, nakaa nao, na ukurasa wa kushoto naandika nilichosikia, bila kujizuia, hata kama ni cha kitoto. Sigusi fafanusi wala simu. Jioni, baada ya kufunga kibanda, ndipo nafungua vitabu, na ukurasa wa kulia naandika nilichokikuta: nani aliambiwa, wakati gani, neno lina maana gani nyingine, wasomi wanatofautiana wapi. Ukianza na vitabu hutasikia kitu chako. Usipofika kwenye vitabu hutajua kama ulichosikia ni sauti ya Mungu au ni hamu ya mkopo. Siku nyingine ukurasa wa kulia unafuta wa kushoto wote, na naufuta kweli, napiga mstari. Siku nyingine wa kushoto unabaki umesimama na wa kulia unauwekea mizizi tu.

Kuhusu vitabu: tafuta mwalimu aliye hai kabla ya kutafuta kitabu, kwa kuwa kitabu hakiwezi kukuuliza umemfanyia nini Bibi. Katika Matendo 8, yule mtu wa Ethiopia yuko garini anasoma Isaya, na Filipo anamuuliza kama anaelewa. Anajibu, "Nitawezaje kuelewa, mtu asiponiongoza?" Kisha anamsihi Filipo apande aketi pamoja naye. Filipo hakumnyang'anya kitabu, alianzia pale pale alipomkuta anasoma. Ukipata mwalimu wa kuketi nawe garini hivyo, mshike. Akiwa wa kukukatiza, chukua elimu yake na umwombee.

Na kama ni wewe uliyesoma katika jumuiya yenu, subiri mwenzako amalize. Hesabu pumzi tano baada ya neno lake la mwisho. Nimejiwekea hivyo na sijawahi kujuta.

Jumatano iliyofuata tulikutana kwa mwinjilisti. Zamu ilikuwa ya kijana mmoja, lakini Bibi akaomba asome yeye, miwani imepona. Akasoma Zaburi 121. Akanigeukia akasema, "Mwanangu, wasomee ile nyingine." Nikasoma 88 mpaka gizani. Hakuna aliyeongeza neno, hata mwinjilisti. Nje mvua ilikuwa imeanza kudondoka kwenye migomba.

Bibi akavua miwani. "Sasa," akasema, "nimalizie nilichokuwa nawaambia siku ile." Nikaweka kalamu chini.